Redio ya Mitungi Miwili

Mtungi mtupu una sauti yake. Ukiugonga ubavuni kwa kidole unalia kwa ndani, mlio mzito unaokawia kuisha, na mwaka ule wa ukame kule kwetu Ganze tuliujua mlio huo kuliko wimbo wowote. Kila asubuhi mama alipita akiigonga mitungi yake mmoja mmoja kabla ya kuchungulia ndani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina wenyewe. Mvua za masika zilipita juu yetu bila kutua. Mahindi yalikauka yakiwa yamesimama, majani yakiparuzana kwa upepo mchana kutwa. Mbuzi walikula hata makaratasi. Silanga, lile bwawa la kukingia mvua ambalo kijiji kizima kililitegemea, lilibaki tope lenye nyufa, kisha likabaki nyufa tu. Wanawake na wasichana waliondoka kungali giza kuyafuata maji mbali, wakarudi jua limeshawaka, mara nyingine na madumu yaliyojaa, mara nyingine na habari za foleni tu.

Baba yangu, Karisa, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi, ambako nyasi zilinyweshwa maji asubuhi na jioni. Jambo hilo alitusimulia mara moja, akaona jinsi mama alivyoigeukia mitungi yake, asilirudie tena. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na mwezi mmoja alikuja akisukuma baiskeli iliyoelemewa: redio kaseti iliyong'olewa kwenye gari bovu, spika mbili zilizoviringishwa kwenye shuka kuukuu, na nyuma kabisa betri ya gari iliyofungwa kwa kamba za mpira. Njiani betri ililala ubavu na maji yake yakamchuruzikia mguuni. Suruali ile ilipofuliwa ilitoka matundu matupu. Hawe, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, aliiinua juani akachungulia kupitia tundu moja. "Karisa," alisema, "panya wa Kilifi wana meno." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tungeitazama vizuri suruali ile, nadhani tusingecheka.

Asidhani mtu kwamba baba alikuwa mzembe. Fundi wa redio wa mjini alimweleza kila kitu naye akakishika kama mwanafunzi. Betri hakuiweka ndani; aliiundia kisanduku cha mbao nje, chini ya upenu, akakitoboa matundu ili hewa yake mbaya itoke, akatukataza kupita pale na koroboi kwa sababu hewa ile hushika moto. Waya mwekundu aliufunga upande wake na mweusi upande wake, katikati akatia fyuzi, akasema huyo ndiye mlinzi wa nyumba, kwamba umeme ukizidi anakufa yeye kwanza. Waya zilipopita kwenye ukuta wa udongo alizivisha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, zisichunwe na fito. Msaidizi wake katika kazi yote hiyo alikuwa dada yangu Dama, mwenye miaka kumi na mitano, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Dama alikuwa na sauti iliyofika shambani bila kupazwa, na ulimi usioogopa mtu. Baba akimwambia shika hapa, yeye aliuliza kwa nini hapa na si pale, na baba, ambaye kwa wengine hakuwa mtu wa maneno, alimjibu mpaka aridhike.

Zilibaki spika. Makasha ya mbao yalikuwa ghali, na fundi alikuwa amemwambia kwamba spika iliyofungwa kwenye mdomo wa mtungi hutoa sauti nene kuliko ya kasha. Baba akaitazama mitungi ya mama. Mama akamwona anavyoitazama.

"Baba Dama, hiyo ni ya maji."

"Maji yako wapi?"

Hakuwa na nia ya kumuumiza, lakini mama aligeuka akaenda jikoni, na aliporudi alikuwa ameibeba mitungi miwili mikubwa, mmoja kichwani na mmoja kiunoni, akaitua mbele yake. "Mvua ikija utanirudishia," alisema. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mitungi ile mitupu ilivuma kweli. Jioni ile muziki ulitoka ndani ya udongo uleule uliotunyima maji, ukazunguka uwanja mzima, na majirani wakaja na vigoda vyao. Hata Hawe alitikisa mabega. Kwa wiki chache watu walisahau kuulizana wingu limeonekana wapi. Sijapata kumwona baba akiwa na furaha kama ile, amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, kama bwana harusi anayeona haya.

Lakini betri iliyomwagika njiani haikuwa na nguvu za kudumu. Sauti ikaanza kulegea, waimbaji wakawa kama watu wanaosinzia, na baba akaenda kuuliza mjini. Akaambiwa vyumba vya betri vimepungukiwa, anunue maji ya betri aongezee. Ni jina hilo ambalo mpaka leo linaniudhi. Ni tindikali, huunguza nyama na nguo, lakini sisi tuliita maji, na aliyeuza aliita maji, na aliimimina katika chombo chochote alicholetewa na mteja. Baba alimpelekea chupa ya soda.

Lazima nieleze soda ilikuwa nini kwetu. Wageni wa hotelini waliacha chupa nusu, na baba mara mojamoja alikusanya hizo nusu akajaza chupa moja nzima, akaiziba kwa gunzi la muhindi, akaja nayo Ganze. Aliiweka dirishani chumbani kwake bila kusema neno, na mwenye zamu aliikuta. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyegombana, kwa kuwa zamu zilijulikana. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Dama. Baba alikuwa amemuahidi kwa kinywa chake, siku walipokuwa wakifunga waya: "Nikija tena nitakuletea yako."

Alifika asubuhi. Dama alikuwa hajarudi majini. Baba aliiweka ile chupa ya tindikali dirishani, mahali palepale ambapo mkono wake ulizoea kuweka chupa, imezibwa kwa gunzi lilelile alilozoea kuzibia. Kisha akaona kwamba akimimina hivihivi inaweza kumrukia, akatoka kwenda kuazima faneli kwa jirani aliyetengeneza baiskeli. Mimi nilikuwa uani nikipepeta mahindi machache yaliyobaki. Nilimwona Dama akiingia na dumu linalolia ukavu, midomo imepasuka, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa amesimama kwenye foleni mpaka maji yakaisha mbele yake. "Baba amekuja?" aliniuliza, maana aliiona baiskeli. Nikamwambia amekuja. Alitabasamu, akaingia ndani.

Nilisikia chupa ikianguka kabla sijasikia sauti yake. Alitoka akiwa ameshika shingo kwa mikono miwili, mdomo wazi, na mlio uliotoka haukuwa wa Dama. Ndani, sakafu iliyosiribwa ilikuwa ikitoa povu. Hawe alimwahi, akamkamata kichwa, akataka kumtia kidole kooni amtapishe, na hapo ndipo baba alipotokea mbio na faneli mkononi. "Mama, usimtapishe!" alipiga ukelele. "Ikipanda itamuunguza mara ya pili! Leteni maji! Msafisheni kinywa, mwagieni kifuani, leteni maji!"

Mama alikimbilia jikoni. Akarudi na kata yenye maji ya kufunika kitako tu. Alisimama nayo, akamtazama baba, akatazama ile mitungi yake miwili iliyokaa barazani imezibwa midomo kwa spika, na mpaka leo sijaona tena uso wa mtu kama ulivyokuwa uso wa mama wakati ule. Kisha aliangua kilio kilichokusanya kijiji. Majirani wakaja, walewale waliokuja na vigoda, safari hii kila mmoja na alichokuwa nacho: huyu kikombe, yule sufuria, mwanamke aliyejifungua juzi akaleta kibuyu alichowekewa yeye na mtoto wake. Wakayamimina yote kwa Dama bila kubakisha. Watu wa nyumba nyingi walilala na kiu usiku ule kwa ajili yetu. Baba alimpakia kwenye baiskeli, mama akimshikilia, mpaka barabarani, wakapata gari la mkaa lililokuwa likienda Kilifi. Niliona migongo yao juu ya magunia, na katikati kichwa cha Dama kimefunikwa kanga.

Alipona, kama kupona ndiko kule. Alikaa hospitalini muda mrefu, na mara ya kwanza nilipopelekwa kumwona baba alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akikunja na kukunjua kofia yake. Dama alimvuta mkono wa shati. Sauti aliyokuwa nayo sasa ilikuwa mkwaruzo, kama jani la muhindi linavyosugua jani jingine.

"Nilidhani ni soda yangu, baba."

Baba akaikunja tena kofia. Watu waliokuja kumpa pole walimwambia lile ambalo watu husema, kwamba ajali haina kinga. Mara moja tu nilimsikia akilijibu. "Hii ilikuwa nayo," alisema. "Nilikataza koroboi. Nilitia fyuzi. Ningesema neno moja tu." Alimwendea hata yule muuzaji, naye alimwambia kwamba chupa aliileta mwenyewe, na hilo lilikuwa kweli. Redio aliing'oa, akaiuza Kilifi. Mama alirudishiwa mitungi yake, na mvua zilipokuja hatimaye hakuitilia maji.

Mtihani ulimpita Dama akiwa bado anajifunza upya kumeza uji. Chakula kigumu hakikupita tena kooni mwake, na sauti yake haikurudi. Ili umsikie ilibidi usogee, uinamishe sikio karibu na mdomo wake. Mama alisogea, mimi nilisogea, lakini baba hakuweza. Akija mwisho wa mwezi aliketi mbali, na Dama akisema neno yeye aliitikia kwa kichwa haraka, "Sawa, mwanangu, sawa," macho yakiwa chini. Mwaka uliofuata niliwaona wakiwa wawili barazani; Dama alisema maneno mengi, mikono yake ikieleza, na baba akaitikia, sawa, sawa. Dada yangu aliingia ndani anang'aa. Akafua sare yake, akaipiga pasi, akaitundika. Shule zilifunguliwa na baba hakuja kumwandikisha. Zilifunguliwa tena muhula mwingine, vivyo hivyo. Dama akaichukua ile sare akanipa mimi, nami niliivaa miaka miwili. Hakumuuliza baba tena. Aliamini kwamba amekataa, kwamba mzee ameona msichana asiye na sauti hana haja ya shule, na uchungu huo aliukalia kimya hata alipojifunza cherehani, hata alipohamia Kilifi na kuolewa.

Tulimzika baba miaka mingi baadaye. Siku za matanga, tukiwa jikoni, Dama aliyatoa hayo ya shule kwa mara ya kwanza, na mama aliweka kisu chini. "Ulimwomba shule?" aliuliza. "Baba yako hakujua. Aliniambia mwenyewe: kila unaposema hasikii neno, na hathubutu kukwambia urudie, kwa sababu ni yeye aliyekufanya hivyo. Akawa anakubali tu." Tulikaa pale, wanawake watatu, na moto ukazimika bila mtu kuuchochea. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu mmoja alikuwa amenyimwa shule na mwenzake alikuwa amenyimwa mwanawe, na kumbe lililosimama kati yao lilikuwa kuona haya tu.

Siku hizi Ganze ina mabomba, ingawa hayatoi kila siku, na paa nyingi zina vioo vya sola. Betri huja zimefungwa kabisa, zimechorwa mkono unaoungua ili hata asiyejua kusoma aelewe, na duka halali halimimini tindikali kwenye chupa ya kinywaji. Ningependa kusema kwamba tumekuwa werevu, lakini nimeshaziona chupa hizo kwenye karakana za vichochoroni, na kila ninapoziona husimama nikagomba mpaka zinaondolewa. Mwezi uliopita nilikuwa Kilifi, nyumbani kwa Dama. Mwanawe, kijana mkubwa sasa, alikuwa ametundika spika mpya sebuleni, waya zote zimefichwa vizuri, soketi hazina kasoro, na alikuwa akizijaribu kwa sauti iliyotetemesha vikombe. Dama alisema kitu kutoka kwenye kiti chake. Niliona midomo tu. Kijana naye aliiona; akazima muziki wote, akavuka chumba, akachuchumaa mbele ya mama yake na kumtegea sikio.

"Sema tena, mama," alisema. "Sikukusikia."

Aliyasema kirahisi, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Baba yetu aliishi mpaka uzeeni asiweze kuyatamka.