Chai ya Shangazi na Koo la Baba

Juma lililopita tulimzika huko Vuga muuguzi mstaafu ambaye wengi waliopita wodi ya wanaume walimwita mkali. Mimi nilimfahamu wakati baba yangu alipopatwa na kiharusi, upande mmoja ukalegea. Kabla baba hajapewa chochote, muuguzi huyu alimketisha wima, akamsafisha kinywa, akampa maji kidogo kwa kijiko, vidole vyake vikiwa juu ya koo la baba, kisha akamwomba ataje jina lake. Baba alikohoa, na sauti ikatoka ina majimaji. Muuguzi akaweka kijiko chini, akasema kwa sasa atalishwa kwa mrija wa puani.

Ugomvi ulianzia hapo. Kwetu milimani, chakula unachompelekea mgonjwa unapenda akionje mbele yako. Asipoonja, unarudi ukiamini mmekwisha kuagana. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja na chupa ya chai ya maziwa, akaimimina kikombeni.

“Shikamoo mama,” muuguzi alisema, akifunika kikombe kwa kiganja.

“Marahaba. Niachie nimnyweshe ndugu yangu.”

“Itaingia mapafuni, mama. Akipata homa ya mapafu tunaweza kumpoteza.”

“Kwa hiyo afe na njaa?”

Kusema kweli, sote tulikuwa upande wa shangazi. Muuguzi hakubishana. Aliuchukua mkono wa shangazi, akauweka juu ya koo la baba. “Mwambie ameze mate. Koo likipanda, utalisikia.” Shangazi alisubiri. “Halipandi,” akasema hatimaye, akaketi, akalia.

Koo lilipoanza kupanda siku za baadaye, shangazi ndiye aliyefundishwa kumlisha: uji mzito, kidevu chini, kidogo kidogo, na kukagua shavu lililolegea lisibakize chakula. Wageni walipotaka kumwonjesha baba walichomletea, walifanya hivyo chini ya macho yake, na alikuwa mkali kumzidi muuguzi mwenyewe. Baba alirudi nyumbani, akaishi miaka mingine akila viazi vya kuponda na kuvilalamikia.

Wodini kwetu wanaolisha wagonjwa ni ndugu, maana wauguzi hawatoshi. Ni rahisi kutufokea na kutufukuza. Muuguzi yule alitufundisha, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Mgonjwa wako akishindwa kumeza, usimlazimishe. Mwite muuguzi, kisha vuta kiti ukae naye.