Kitabu cha Datius Si Kibanja

Felicitas wa Izimbya aliolewa Muleba na mwalimu Datius, mtu ambaye hata mwaka wa vita, mizinga ikinguruma upande wa mpakani, alikaa jikoni kwa mama yake akisikiliza hadithi za zamani. Watu walimcheka. Acha wacheke! Vita vilipokwisha aliziandika kwa maneno yake mwenyewe, na Kanti, mwenye duka la vitabu Bukoba, akamchapia nakala mia kwa mashine yake ya stensili.

Mwaka themanini na saba ugonjwa ule uliokuwa ukimaliza watu ukamchukua Datius. Matanga hayajaanuliwa, ukoo ukatwaa kibanja: migomba, kahawa, nyumba. Ndiyo mila, walisema. Felicitas akarudi kwao na binti yake Klaudia, akafanya vibarua, akanyamaza.

Miaka mitatu baadaye akasikia kwamba walimu wanakiulizia kitabu, na Kagaruki, kaka mkubwa wa marehemu, anataka kukichapa upya kwa jina lake mwenyewe. Loo! Kibanja alikimeza, hili lilimkwama kooni. Klaudia atabaki na nini cha baba yake? Akapanda basi la Bukoba siku hiyo hiyo.

Alimkuta Kagaruki dukani kwa Kanti, ameshaegemea kaunta.

"Hadithi za mama yangu ni za kila mtu," Kagaruki alisema. "Na cha marehemu ni cha ukoo, shemeji. Unajua."

Kanti, mzee asiyependa kelele, alifungua nakala ya zamani, ukurasa wa mwisho. Palikuwa pameandikwa: Haki za kitabu hiki ni za binti yangu Klaudia.

"Hadithi ni za watu wote, kweli," alisema. "Lakini maneno haya ni ya Datius. Mwandishi akifa, sheria inawaachia warithi kazi yake miaka mingi kabla haijawa ya umma. Wewe andika hadithi hizo hizo kwa maneno yako, nitakuchapia hata kesho."

Akamsogezea karatasi na kalamu. Kagaruki si mtu wa kushindwa bwana, akainama akaandika. Mstari wa kwanza. Wa pili. Akakwama. Siku zile mama yake akisimulia, yeye alikuwa kilabuni akinywa rubisi.

"Shemeji," akasema mwishowe kwa sauti ya chini, "fisi alipofika mtoni, ikawaje?"

Hasira za miaka mitatu zilimpanda Felicitas, zikashuka. Akaichukua ile nakala, akamwekea mkononi.

"Kasome kitabu cha mdogo wako."