Kimbunga na Kufuli Lake

Siku aliyomlipia Kimbunga, mjinga alikuwa yeye mwenyewe, Kocha anakiri huku akicheka.

Ni saa tatu asubuhi. Anapanguza pedi za gemu kwa kitambaa chenye spiriti, moja baada ya nyingine, kwenye chumba chake cha kuchezea gemu chenye runinga nne. Zamani saa hizi viti vilikuwa vinagombaniwa. Leo vinamtazama.

"Viti vyangu vimepumzika vizuri," anatania. "Vimenenepa."

Kocha, baba wa watoto wawili, alianza na runinga moja ya kuazima baada ya kiwanda alichofanyia kazi kufungwa. Wateja hulipia kila raundi. Mpaka mwezi uliopita, mchezo wa ngumi peke yake ulimlipia kodi ya chumba.

Mchezo huo aliununua kwa bei kamili. Kasha lina picha ya Kimbunga, mpiganaji mwenye mikono mirefu kama makasia. Kuufungua, Kimbunga yumo, lakini ana kufuli: ukimtaka, lipa tena.

"Ni sawa na kupanga nyumba, halafu mlango wa choo unauzwa kivyake!" anasema Kocha. "Hao wenye kampuni ya gemu wangekaa mwaka mzima wakatunga kitu kipya, ningelipa nikicheka. Nao wana watoto wa kulisha. Lakini huyu alikuwa ndani tangu siku ya kwanza, ananichungulia."

Hata hivyo alilipa. Kisha akabandika bango ukutani: anayemtaka Kimbunga aongeze nusu ya bei ya raundi.

Wenye chenji wakamchangamkia. Ngumi ya Kimbunga humfikia mtu kabla hajajua ameanza kupigwa.

Fundi viatu wa kona ya pili alikuwa hashindwi hapa. Kila mchana alikuja na gundi vidoleni, akachagua mpiganaji wa kawaida, akawanyoosha wote. Siku hiyo akapigwa na mwanafunzi wa chuo ambaye hata pedi alikuwa ameishika kichwa chini.

Fundi akaiweka pedi mezani taratibu. "Kocha, kaka yangu, nimepigwa na mkono au na mfuko?"

"Ndiyo biashara, mdogo wangu. Ongeza kidogo na wewe umchukue."

Fundi akavaa kofia yake, akaondoka. Waliokuwa wakija kumtazama na kulipia raundi za kupambana naye wakamfuata. Hajarudi mpaka leo, na kodi inakaribia.

Kocha ana mpango. Anataka wachezaji wote wa mtaa wajirekodi kwenye simu wakilalamika, awatumie wenye gemu sauti hizo, wafungue makufuli yao. Ameshaanza na yake: "Ndugu zangu wa kampuni, mnatuonea. Mtu akishalipa kiingilio, mwacheni acheze…"

Nyuma ya pazia, cherehani inanyamaza. Mkewe, anayeshona sare za shule upande wa pili wa chumba, anatokeza kichwa, pini zikiwa midomoni. Anazitoa kwanza.

"Mama watoto, njoo na wewe uwaambie," Kocha anamsogezea simu. "Waambie wamefukuza wateja wetu."

Mkewe anaitazama simu, kisha bango.

"Baba, hao walimfungia Kimbunga mara moja tu. Anayemfungia kila raundi ni wewe."