Dawa Haina Rika

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha kuhudumia wagonjwa kwa simu pale Karatu niliikagua simu mara tatu kama inawaka. Nilizoea dirisha la dawa: mgonjwa anakuja, unamwona, unampa. Leo naambiwa nimtembelee mzee wa Endulen kwa video, nikague dawa zake zote, nami nimekaa kitini! Mfamasia wa Wilaya, mkuu wangu, akanicheka.

"Mama Neema, wasiwasi wako ndio mtaji. Ila usimuulize mzee kama amemeza dawa. Kila mzee atakuambia amemeza. Mwambie akuonyeshe."

Basi kazi ikawa hiyo. Nasieku, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita boma kwa boma na simu. Mzee anamwaga dawa zake juu ya ngozi ya ng'ombe: za presha, za sukari, za magoti, na za dukani ambazo daktari hakuziandika. Mimi natazama zipi zinagombana. Zikiwa nyingi mwilini hugombana, ninyi vijana mlijue hilo.

Mzee Saitoti nusura anitoe roho. Vidonge vyake vya kushusha sukari vilikuwa vinaisha mapema, na sukari yake bado iko juu. Sikupata usingizi. Asubuhi moja nikamwambia avimwage.

"Shikamoo, mzee. Mbona vimeisha tena?"

"Marahaba, yeyo." Ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. "Tumemeza."

"Tumemeza? Wewe na nani?"

"Na Parmet, rika langu kutoka Oloipiri. Ni mgeni wangu miezi hii yote, tulitahiriwa pamoja. Mimi nile, yeye anitazame tu? Haiwezekani!"

Nasieku akageuza simu. Parmet alikuwa amelala ubavu, amelowa jasho, mikono inatetemeka. Hakuwa na ugonjwa wa sukari yule! Na tangu aamke alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Nasieku, anaweza kumeza?"

"Anaweza, mama, ila anaongea ovyo."

"Mkalishe, mpe chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Halafu aende hospitali hata akipata nafuu! Dawa hiyo hukaa mwilini, sukari itashuka tena."

Picha ikaganda. Mtandao umekatika.

Mungu wangu! Nikapiga simu hospitali, wakasema gari linatoka. Nikampigia Nasieku, hapatikani. Nikampigia tena na tena. Mkuu akaniletea maji, nikayamwaga yote mezani. Niliogopa mtu atakufa kwa kidonge nilichokisimamia mimi, tena kwa sababu anapendwa.

Mchana simu ikaita. "Yuko wodini, mama," Nasieku akasema. "Anadai nyama." Nililia, wala sioni haya kusema.

Saitoti sikumgombeza. Nilimwambia, "Chai gawaneni, nyama gawaneni. Dawa haina rika. Ina alama ya boma moja, kama ng'ombe wako."

Akafikiri. "Sasa nikimeza, Parmet afanye nini?"

"Ahakikishe umemeza."

Hilo alilikubali. Kuanzia hapo vidonge vikafika mwisho wa mwezi, na sukari yake ikaanza kushuka.

Sasa nimestaafu, presha imenikamata na mimi. Watoto wako Arusha, nyumba kimya. Simu ikiita asubuhi nadhani kuna mtu amezidiwa. Juzi iliita hivyohivyo. Nikapokea, kumbe ni wazee wangu wawili kwenye simu ya Nasieku.

"Yeyo, umemeza dawa?" Saitoti akauliza.

"Nimemeza."

Parmet akasogea mpaka uso ukajaa kioo. "Usituambie. Tuonyeshe."

Nikainuka kwenda kuvitafuta vidonge.