Radhi ya Msafiri

Theluji ilikuwa haijayeyuka Parkdale, mtaa wetu wa ughaibuni, na nyumba yetu ilinukia udi ambao Mama alifukizia koti la Baba, aliyekuwa akienda kuutazama mlima Annapurna. Juzi niliona picha ya mlima huo mkahawani, nikausikia tena udi ule.

Baba alipiga goti mbele yangu. "Niwie radhi, mwanangu."

"Umefanya nini?" niliuliza kwa Kiingereza, nikidhani amekosa.

Mama akacheka. "Msafiri wa kwetu huwaomba radhi wote, hata vitoto vyenye maswali."

"Basi nimekusamehe. Uniletee jiwe la kileleni."

"Kileleni sifiki, bwana mkubwa. Nitautazama kutoka chini."

Sikujua kwamba radhi huombwa kwa kuwa kurudi hakuna hakika. Baba aliuona mlima asubuhi. Jioni, kwa uhaba wa hewa ya milimani, pumzi zilimbana, akafariki.