Kwenda Lubarika Kumsemea Agronomi

Niliondoka Kilibula, mtaa wetu wa Uvira, kwa sababu dada yangu Esperance hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Asubuhi ile mama mmoja anayechuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alirudi kutoka Luvungi na habari kwamba waasi wamemkamata mume wa dada, Byamungu, na kumfungia katika ghala la pamba la Lubarika. Angehukumiwa mbele ya watu siku ya soko. Waasi walikuwa na desturi yao: kabla ya hukumu, mshtakiwa huulizwa kama ana mtu wa kumsemea. Asiye naye harudi nyumbani.

"Minye na mimba hii sitafika hata Sange," dada alisema. "Weye ni mwalimu. Unajua kusema."

"Walimu ndio wanaotafutwa."

"Basi acha viatu."

Niliacha viatu, saa na kalamu. Nilijitwika gunia la ndagala wakavu, nikashika njia ya kaskazini bila kugeuka nyuma, kwa maana nilijua dada amesimama mlangoni.

Nje ya mji, ziwa lilibaki nyuma na bonde la Ruzizi likafunguka mbele, jeupe kwa jua. Mashamba ya pamba yalikuwa hayajavunwa. Vijiji viwili vya kwanza havikuwa na mtu hata mmoja; mbwa walikuwa wamenenepa, na sikutaka kujua kwa nini. Nilitembea nikipanga maneno yangu kama mtu anayetunga somo. Shemeji yangu alikuwa agronomi, yaani bwana shamba, tangu wakati wa Wabelgiji. Kazi yake ilikuwa kulinda msitu wa mlima ulio juu ya Lubarika: mtu asiuchome wala asiukate, kwa sababu kijito kinachotoka humo ndicho kinachozungusha mtambo wa umeme. Uhuru ulipokuja na Wabelgiji wakaondoka, alipewa ofisi ya misitu na umeme wa vijijini kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua njia za mlima ule. Hakuwahi kula mali ya mtu. Hilo ndilo nililokusudia kusema.

Jioni, pale Sange, kulikuwa na bariyeri: kamba ya migomba iliyofungwa kukatiza barabara, na vijana wenye mikuki na bunduki moja. Mmoja alichungulia gunia langu.

"Tangu lini mwanaume anauza ndagala?"

"Bibi yangu iko na mimba."

"Na weye unamubebea gunia. Atakufundisha na kunyonyesha." Wenzake wakacheka. Kisha akanishika mkono, akautazama kiganja. "Huyu muntu hajalima."

"Ninavua," nilisema.

Alivitazama tena vidole vyangu, halafu akatazama samaki. Alijaza kofia yake ndagala, akateremsha kamba. Nililala kwenye banda la mahindi jirani na maiti ya mwanaume aliyevaa tai. Hakuna aliyethubutu kumzika.

Luvungi nilifika siku ya pili, jua likizama. Nilipokelewa na Mama Halima, mjane wa mfanyabiashara wa Uvira ambaye mama yetu alimfahamu. Duka lake lilikuwa tupu, milango imeng'olewa. Alinipa ugali na sombe ya majani ya mihogo, akaniacha nishibe kwanza.

"Unakuja kumusemea Agronomi," alisema. "Utasema nini?"

"Kwamba si mwizi."

"Nani amesema ni mwizi?" Aliniongoza uani, akanyoosha kidole juu. Waya wa umeme ulikatiza mbingu kutoka mlimani, ukapita juu ya paa za nyasi, ukaelekea kiwanda cha pamba na kushuka hadi mjini kwetu. "Unaona? Unapita. Lubarika hausimami. Batu kule waliacha mulima wao, waliacha hata kuni, juu ya vile aliwaambia: lindeni maji, maji yatawaletea taa. Wamengoja."

Nilimweleza kama Byamungu alivyonieleza mimi: waya ule una nguvu ya kuua, hauteremshwi nyumbani bila transfo, ile mashine ya kupunguza nguvu, na transfo ameiomba Bukavu mara nyingi.

"Mwanangu," alisema, "kesho usiwaambie habari ya transfo."

Asubuhi ya soko niliingia Lubarika pamoja na watu waliobeba mihogo. Hakuna aliyeishusha ili kuiuza. Byamungu aliletwa mbele ya ghala akiwa na shati la ofisi, limekatwa mikono. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo, kana kwamba ananiambia nirudi. Kamanda wa waasi, kijana aliyevaa ngozi ya nyani begani, akauliza: "Huyu iko na muntu?"

Nilijitokeza. Nilisema yote niliyoyapanga. Nilisema hakutoza mtu faini akaiweka mfukoni, na kwamba alipanda miti mingi kuliko aliyokataza kukata. Nilisikia sauti yangu ikiwa nzuri.

Mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa amefunga mtoto mgongoni, akasimama. Walimwita Mama Zawadi.

"Vizuri," alisema. "Weye ni nani wake?"

"Shemeji."

"Basi nyumba yake unaijua. Kule Kilibula, taa iko?"

Nilimtazama kamanda, nikatazama mikono yangu. Ningeweza kusema hapana. Nani angekwenda kuhakikisha? Byamungu akajibu kabla yangu.

"Iko," alisema. "Moja. Sebuleni."

Kamanda alisimama, akaashiria wale wenye mikuki, nao wakamshika shemeji yangu mabega.

"Mukimuua," Mama Zawadi alisema, "minye napata nini? Mulima ni wetu. Alitufungia, aufungue yeye mwenyewe. Mumupe shoka."

Kamanda alifikiri, akacheka, akakubali.

Tulipanda mlima kijiji kizima. Ndani ya msitu palikuwa na baridi, na maji yalisikika kabla ya kuonekana. Byamungu aliwaambia, kwa sauti ya kazi yake ya siku zote, "Nitakata yote mutakayonionyesha. Huu mti wa chemchemi muuache. Ndio unaoshikilia udongo." Nilimwona Mama Zawadi akisita. Kamanda hakusita. Aliugonga mti ule ule kwa kitako cha bunduki: "Huu."

Byamungu alikata hadi mchana ukapita. Hakuwa mkata miti. Mpini ulimchuna viganja, damu ikautelezesha, akawa anaupangusa kwa majani na kuendelea. Mti ulipoanguka watu waliingia na mapanga kila upande, na moto ukawashwa chini, ukapanda hadi kwenye nguzo za waya wa umeme. Mama Zawadi alipita karibu nasi akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Hakutuangalia. "Muende," alisema.

Tulishika njia ya kurudi. Hadi Sange moshi ulikuwa bado unaonekana nyuma yetu. Kwenye bariyeri vijana waliitazama mikono ya Byamungu, wakamwacha apite bila swali: sasa ilikuwa mikono ya mtu wa kazi.

Kilibula tulifika jioni ya siku ya tatu. Dada alilia, kisha akanyoosha mkono ukutani kuwasha taa. Haikuwaka. Akawasha kibatari na kuanza kumpaka mumewe mafuta ya mawese viganjani.

"Nilijua kaka yangu atakusemea," alimwambia.

"Aliyemsemea ni mama yule aliyemshtaki," nilisema, na hilo ndilo nililorudi nalo. Nilikwenda na ushahidi kwamba shemeji yangu ni mtu safi, na ulikuwa wa kweli, lakini taa ya sebule hii ilionekana Lubarika siku zote, ingawa hakuna wa kule aliyewahi kuingia humu.

Mvua zilipoanza, yule mama mchuuzi alileta habari nyingine. Mlima ulikuwa umeteremka. Udongo mwekundu ulifunika mashamba yote ya chini ya kijito, na shamba la Mama Zawadi lilikuwa la kwanza.

"Waliyataka wenyewe," dada alisema.

Byamungu alikuwa ameketi chini ya ile taa isiyowaka, mikono juu ya magoti, viganja vimegeukia juu.

"Hapana," alisema. "Minye nilikata."