Harusi Mia Sita na Sanduku Moja

Asiya binti Hamimu hakuanza kazi ya sinema za harusi kwa kuitafuta. Alikuwa msusi wa maharusi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, avenyu ya kumi na nne, na kaka yake Massoudi ndiye aliyekuwa na kamera. Siku moja msaidizi wa Massoudi akaugua, Asiya akaishika kamera mafuta ya nywele yakiwa bado vidoleni, na tangu siku ile hakuirudisha. Watu walisema mkono wake hautetemeki. Mkono wa msusi utetemeke vipi?

Sasa studio ni ya wote wawili. Wanapiga pamoja, Asiya anakata na kuunga, na sinema ikimalizika inaingia kwenye diski ya kompyuta, diski inaingia kabatini. Juu ya kila diski kuna kipande cha plasta, ile ya kufungia kidonda, kimeandikwa kwa kalamu majina ya harusi zilizomo. Majina hayo Asiya aliyaandika kama mtaa unavyoita watu. Huku mwanamke akishazaa, jina lake alilopewa na wazazi linapumzika, anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Basi plasta zinasema: harusi ya kwa Mama Sumaya, ya kwa Mama Moubarak, ya kwa Mama Saliha. Harusi zilipokuwa ishirini, mpango huo ulitosha na kubaki. Sasa zimepita mia sita, na akina Mama Sumaya peke yao wamefika saba, wawili kati yao milango yao inatazamana.

Mwezi wa tano, kiangazi kikiwa kinanukia, akaja Madamu Amélie, mwenye ukumbi wa sherehe kule Kanyosha. Alitaka studio moja tu ishughulikie harusi zake zote, Juni mpaka Agosti, majira ambayo watoto waliotawanyika Ubelgiji na Kanada wanarudi kuoa nyumbani. Lakini alikuwa ameshaumwa na nyoka. Studio yake ya zamani ilipoteza harusi ya mpwa wake mwenyewe, na ukoo mzima ukamwangalia yeye. Kwa hiyo aliweka sharti: sinema itunzwe miaka mitano, na wenyewe wakiitaka ionekane. Baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, angekuja kutaja harusi tatu ambazo anajua Asiya alizipiga, na alitaka aone zote kabla hajamaliza soda yake.

Asiya akakubali. Kazi ya kiangazi kizima inakuja mara ngapi mlangoni kwa mtu?

Siku tatu hazijapita, diski ya kumi na tisa ikaanza kulia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, halafu ikanyamaza. Ndani yake mlikuwa na harusi kumi na moja.

Akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka Rohero kwa Rénovat, fundi wa kompyuta, mtu wa makamo ambaye hawezi kufikiri bila karanga mkononi. Rénovat aliisikiliza, akaijaribu kwenye mashine tatu, akatikisa kichwa. Hii imekwenda, alisema, na za kabatini nazo zitakwenda, moja moja, kila moja kwa siku yake. Halafu akauliza kila mwezi studio inaongeza kiasi gani. Asiya akajibu kwamba diski zinajaa haraka.

"Apana, mama. Mi siulize kama zinajaa. Nauliza kiasi gani."

Hakujua. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kujiuliza; diski ikijaa unanunua nyingine, kama chumvi. Rénovat akamweleza kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni hiyo hiyo ya chumvi, na mwisho wake ameuona. Ya pili ni kukodi nafasi kwenye mashine kubwa za ng'ambo, sinema unazituma kwa intaneti, nafasi inapanuka kadiri unavyotaka. Ya tatu ni sanduku la chuma, ukubwa wake kama katoni ya sabuni, lenye vyumba vinane vya diski. Unaanza na diski nne, vyumba vinne unaviacha wazi, ukijaa unaongeza bila kuhamisha kitu. Na hizo diski zinabebeana mizigo: moja ikifa, zilizobaki zinajua alichokuwa nacho mwenzao. Lakini akamkataza kununua kabla hajahesabu.

"Usinunue ya myaka kumi, utakuwa umenunua hewa. Na usinunue ya leo tu, mwezi wa kenda utarudi hapa kunililia."

Asiya na Massoudi wakakaa siku nne wakifungua diski moja baada ya moja. Waliyoyakuta hayakuwa waliyoyatazamia. Harusi moja ilikuwamo mara nne, kwenye diski nne mbalimbali. Nyingine mara tatu. Asiya akamgeukia kaka yake.

"Kaka, hii ya Ngagara iko mara ine."

"Bwana harusi alikuwa na macho makali," Massoudi akasema. "Niliogopa."

Hofu yake ilikuwa na asili. Massoudi alikuwa na kibanda soko kuu, na soko lilipoungua mwaka 2013, kanda zake zote na kopi za kanda hizo ziliungua pamoja, kwa sababu zilikaa kwenye sanduku moja la mbao. Tangu hapo kila sinema inayompita mikononi anaitolea kopi, na tena kopi. Asiya akaliangalia kabati. Kopi zote na mama zao zilikuwa zimelala rafu moja. Akamwonyesha tu kwa kidole. Massoudi akatazama, kisha akaenda kunywa chai.

Walipoondoa zilizojirudia, na zile picha ghafi za miaka ya nyuma ambazo hakuna atakayezikata tena, mzigo ulipungua karibu nusu. Na hesabu ikaonekana: miezi ya kiangazi tera tatu, yaani giga elfu tatu, kila mwezi, miezi mingine nusu tera. Zamani harusi nzima haikufika giga kumi. Leo, kamera mbili na ubora wa siku hizi, giga mia mbili ni kitu cha kawaida.

Massoudi alitaka ng'ambo. Hakuna moto wa Bujumbura unaofika ng'ambo, alisema, na hapo hakukosea. Wakajaribu harusi moja. Siku ya pili, umeme ukiwa umekatika mara tano, ilikuwa imefika asilimia kumi na moja.

"Bibi harusi atazaa mara mbili sinema haijafika," Asiya akasema, na Massoudi mwenyewe akacheka.

Wakachukua sanduku. Droni, ile kamera inayoruka, waliyokuwa wakiiota kwa ajili ya kiangazi hicho ikasahauliwa, pesa zake zikaingia kwenye sanduku. Na sinema zilizokamilika, kwa kuwa si nzito kama picha ghafi, wakazitia pia kwenye diski moja kubwa itakayolala nyumbani kwa Massoudi, Kanyosha, mbali na Buyenzi. Ugomvi ulibaki kwenye majina. Rénovat alisema mwaka utangulie, halafu mwezi, halafu siku. Massoudi akauliza ni nani atakayeingia studio akataja tarehe. Watu wanasema nataka ile ya kwa Mama Sumaya, basi. Mwishowe Asiya akaandika yote: tarehe, majina ya maharusi kama yalivyo kwenye cheti, mtaa, na mwisho kabisa jina la mama.

Alhamisi ikafika. Madamu Amélie akakaa, akafunguliwa Fanta, akataja harusi ya kwanza: ya Adrien wa Ngagara, mwaka juzi. Ikatokea. Akataja nikaha ya Faruk, ya mwaka jana. Ikatokea, naye akawa amekunywa mafunda mawili tu. Akauliza kama kiangazi kizima kitakwenda hivyo, Massoudi akajibu inshallah.

"Inshallah naiheshimu, muzee. Lakini mi nataka kujua iko ndani ya diski gani." Kisha akataja ya tatu. "Epiphanie. Wa Kanyosha. Myaka tatu imepita, mwezi wa nane."

Asiya hakugusa kompyuta. Alijua. Mji huu, fundi wa nguo, wa magari, wa vyuma, kitu cha mteja kikiharibika ana jibu moja, na Massoudi alikuwa ameshaanza kulitoa: ile iko kwenye mashine nyingine, Madamu arudi kesho.

"Ile imekufa, Madamu," Asiya akasema. "Diski ilikufa mwezi huu, na harusi kumi na moja. Majina ni haya." Akatoa karatasi.

Amélie akaisoma yote. Akauliza kama wenyewe wanajua. Hawakujua, Asiya alikuwa akiogopa. Akauliza kuna nini cha kuzuia jambo hilo lisirudi tena.

Harusi ya Adrien ilikuwa bado inacheza, watu wanapiga ngoma, bibi harusi anafutwa jasho. Asiya akasogea kwenye sanduku, akashika diski ya pili, akaichomoa. Rénovat hakumruhusu kufanya hivyo kwa mchezo. Massoudi akafumba macho. Taa nyekundu ikawaka, sanduku likapiga kelele, na bibi harusi akaendelea kufutwa jasho.

Amélie akaiweka chupa chini. "Nitakupa Juni na Julai. Agosti tutaona. Lakini hawa kumi na moja uwaambie kwanza. Leo. Mi niko nasikia."

Asiya akachukua simu, akaanza na Kanyosha, kwa mama yake Epiphanie. Kazi hiyo iliwala mpaka adhuhuri. Familia saba zilikuwa na kopi zao, moja ya kopi hizo iko Kanada kwa wifi. Tatu hazikuwa na kitu. Asiya akawaahidi kuwapigia sherehe yao ijayo, iwe ubatizo, iwe aqiqa ya mtoto, bila malipo. Mama wa familia ya kumi na moja alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Mpaka leo, wakikutana kwenye maulidi, anamwitikia salamu tu, anageukia wengine.